Mapovu ya Chumba cha Nyuma

Katika nyumba yetu kijiko hakilali jikoni. Ukikitafuta asubuhi ukoroge chai ya mgonjwa, utakikuta chumba cha nyuma kimesimama ndani ya kopo la unga mweusi, na aliyekitia humo atakutazama kana kwamba mwizi ni wewe. Ukikiosha, umekosa. Ukikiacha, mgonjwa anakunywa chai isiyokorogwa. Nimeishi na dada yangu huyu kwa muda mrefu kuliko inavyotosha, na jibu la kijiko bado sijalipata.

Watu wanamwita Profesa, na si profesa. Ni mwalimu wa kemia chuoni, aliyeanza kusomea shahada ya udaktari akiwa tayari na mvi. Jina alipewa na mama tangu utotoni, siku maziwa yalipofurika jikoni. Mama aliingia akamkuta amesimama mbele ya jiko, na alipomwuliza kulikoni, akaanza kueleza kwa nini maziwa hufurika na maji hayafuriki. Mama husema maelezo yalikuwa mazuri sana, na maziwa yaliendelea kumwagika mpaka alipoyamaliza.

Mimi ni mdogo wake, mkunga kwa kazi, au nilikuwa. Kiharusi kilipompiga mama, mkono na mguu wa kushoto vililala na mdomo ukapinda kidogo. Akili ilibaki palepale, na ulimi vilevile. Chai ikizidi sukari anafunga midomo na kugeukia ukutani. Mama hajui kusifu asichokipenda, hata uwe umekitolea jasho, hata uwe mgeni. Basi tulikaa sebuleni, mimi na Profesa, tukakubaliana: mimi niache wodi ya wazazi kwa muda nimwuguze mama, yeye asome amalize, na akishamaliza ashike zamu. Kwa muda, tulisema. Watoto niliowapokea duniani mwaka ule sasa wanajifunga viatu wenyewe.

Nami sikuwa nimesahauliwa kabisa. Katika mji mwingine kuna hospitali iliyokuwa ikinitaka niongoze wodi ya wazazi, na mganga mkuu wa pale ni mwanamke niliyesoma naye. Alikwisha kunisubiri mara mbili. Mara ya tatu aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba nafasi ile akiishikilia tena wakubwa wake watamshika yeye. Tarehe ya kuanza aliiweka baada tu ya siku ya Profesa kutetea utafiti wake mbele ya jopo. Hesabu yenyewe haikuhitaji chuo: Profesa akifaulu, mimi naondoka. Akikwama, mimi nabaki na beseni langu, na safari hii hakuna atakayenisubiri.

Sasa mtu ungedhani kwamba mwenye kushikilia maisha ya mwenzake mkononi angefanya kazi yake chuoni kama watu wengine. Maabara ya chuo ilikuwa ikitengenezwa, paa limeng'olewa, na mafundi walikuwa wa kuja leo na kupotea kesho. Profesa akahamishia kila kitu chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa cha wageni. Wageni wakakoma, na siwalaumu. Kulikuwa na mitungi ya kioo, madumu ya asidi ya betri, nyaya zilizotapakaa kama mkeka uliofumuka, na gunia la magunzi ya mahindi lililoegemea kitanda. Friji ilichomolewa ili mashine yake ipate umeme. Kufagia nikaambiwa nifagie kwa saa zake, maana vumbi lina madhara. Vumbi la nyumba yangu mwenyewe likawa na ratiba.

Magunzi yale aliyachoma uani ndani ya kopo la rangi lililofunikwa, mpaka jirani akaja kuuliza kama tunazika kitu. Yakishakuwa makaa aliyasaga, ndipo kijiko kilipoingia, akayabandika juu ya kibao chembamba cha kupitisha umeme, akakitumbukiza kibao ndani ya mtungi wenye maji na asidi. Upande wa pili wa mtungi alining'iniza waya wa platini aliouazima chuoni. Kisha anawasha umeme na kukaa kwenye kigoda, anatazama mapovu. Dada yangu mkubwa, mwalimu wa watu, siku nzima anatazama mapovu.

Maana ya mambo yale alinieleza mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimeshika beseni. Nililoelewa ni alilomwambia mama siku moja mchana, ameketi ukingoni mwa kitanda, mama hana pa kukimbilia. Alisema maji yakipitishwa umeme yanavunjika, na upande mmoja hutoka haidrojeni, gesi inayoweza kuwaka na kuendesha mitambo. Ila umeme peke yake hautoshi. Kila kitu kinategemea uso wa kile kilichotumbukizwa, kwa sababu chembe za haidrojeni zinatua pale usoni kwanza, zinashikwa, zinakutana mbilimbili, ndipo zinaondoka zikiwa povu. Kuna metali zinazomshika mgeni zisimwachie, na mwingine akija anakuta mahali pamejaa. Kuna nyingine hazimkaribishi hata mlangoni. Platini inashika kidogo tu, inaachia, na ndiyo maana bei yake ni ya kukufuru. Na uzuri wa kichocheo, alisema, ni kwamba kinafanyisha kazi hiyo yote na chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa.

Mama alifikiri. Akasema yeye katika umri wake hajaona mtu wa kupokea kila mgeni na kumsindikiza, asubuhi hadi jioni, abaki kama alivyokuwa. Profesa akamsahihisha kwamba hasemi mtu, anasema metali. Mama akafumba macho akajifanya amelala.

Ndoto ya Profesa ilikuwa makaa ya magunzi yafanye kazi ya platini, ili mtu asiye na uwezo wa platini naye apate gesi yake. Ndoto nzuri, sina neno. Waya wenyewe aliuhitaji kwa upande wa pili tu, kwa kuwa upande ule asidi na umeme vinakula karibu kila metali, na waya ule, alisema, hauliki. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, na tuliambiwa una thamani kuliko vitu vyote vilivyomo ndani ya nyumba. Aliupitisha kwenye tundu la kifuniko cha plastiki, tundu dogo mno, akauvuta kwa koleo huku akitoa maneno ambayo mama alijitia hamnazo asiyasikie.

Mwanzoni mapovu yalikuwa ya kuhurumia. Moja hapa, jingine baadaye, kama mzee anayekohoa. Nikavunjika moyo kimyakimya nikaendelea kufua mashuka. Kisha yakaanza kuongezeka. Umeme wa mtaani kwetu unajulikana, unakuja na kwenda kama mwenye nyumba mbili, na kila ulipokatika nilimsikia Profesa akilaani, na kila uliporudi alianza upya. Ajabu ni kwamba kila akianza upya mapovu yalikuwa mengi kuliko ya jana, kwa umeme uleule. Yeye akasema makaa yanakomaa. Aliandika hivyo, akamwambia kila mtu hivyo, na mimi mwenyewe nikawa napita mlangoni na beseni langu nachungulia makaa yanavyokomaa. Mwishowe mtungi ulikuwa unachemka mapovu kama sufuria, na Profesa alikuwa anaimba. Hana sauti ya kuimba, lakini sikumwambia kitu.

Msimamizi wake akaja kuona. Ni mtu wa sauti laini na mashati yaliyonyooshwa vizuri, asiyeweza kumaliza sentensi bila simu kuita. Alitazama mtungi, akaweka mkono kifuani, akasema haya ni makubwa. Wiki haikuisha akawa amekwisha kuyatangaza kwenye mkutano wa wenzake. Tarehe ya jopo ikathibitishwa. Mimi nikampigia mganga mkuu nikamwambia safari hii nakuja kweli, naye akacheka kwa furaha mpaka na mimi nikacheka, jambo ambalo nilikuwa nimelipoteza.

Nikatoa sare yangu sandukuni. Sketi niliyokuwa naivaa kwa kuvuta pumzi ikateleza mpaka kwenye nyonga. Nikaikunja kiunoni nikaibana kwa pini, nikaipiga pasi, nikaitundika nyuma ya mlango wa chumba changu ili niione kila nikiamka.

Siku chache kabla ya jopo, Profesa alikuwa anasafisha vyombo vyake avipeleke chuoni vionekane. Mimi nilikuwa koridoni nakunja nguo. Nilisikia kitu kidogo kikigonga kioo, kisha nikasikia kimya. Kelele za Profesa nimezizoea, kimya chake sijakizoea. Nikachungulia. Alikuwa ameshika kifuniko kwa mkono mmoja na waya kwa mkono mwingine, ameuinua mbele ya dirisha. Aliusukuma tena kwenye tundu, ukapita. Akauvuta, ukatoka wenyewe. Lile tundu la kuvutia kwa koleo.

Nilimwuliza kuna nini. Badala ya kunijibu alinionyesha: kipande cha juu, kilichokuwa nje ya kifuniko, kilikuwa vilevile kama zamani. Kilichokuwa ndani ya maji kilikuwa chembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Nami kwa ujinga wangu nikafikiri analilia hasara ya mali ya chuo, nikamwambia waya unanunulika.

Akaniomba tochi. Tochi ya mama, ile inayokaa chini ya mto wake kwa sababu ya huo umeme wetu. Nilidhani anataka kumulika. Akatoa betri, akazipasua kwa kisu cha jikoni juu ya kitambaa nilichokuwa nimekifua asubuhi, akachomoa kile kijiti cheusi cha kaa kilicho katikati yake. Nilisimama pale mikono kiunoni. Aliviosha vijiti, akakiweka kimoja mahali pa waya. Kisha akatafuta kibao kipya chenye makaa mapya ya magunzi yaleyale, akakitumbukiza, akawasha umeme. Tukangoja. Povu moja likatoka, likafikiri, likaondoka. Baadaye jingine.

Akakitoa, akaweka kibao cha zamani, kile kilichokomaa. Mtungi ukachemka.

Alizima mashine akakaa kwenye kigoda chake. Aliongea polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali. Alisema waya ulikuwa unaliwa. Si sana, na kama umeme ungekuwa unatulia labda usingelika hivi, lakini kila umeme ulipokatika na kurudi, uso wa waya ulishtuka ukaachia platini kidogo ndani ya maji. Platini ile ilivuka mtungi ikatua juu ya makaa. Kwa hiyo makaa hayakukomaa. Makaa hayakufanya kitu. Kazi yote ilikuwa ya waya, na aliyesifiwa alikuwa mwingine. Akasema jambo hili limo vitabuni, limewahi kuwapata watu wa mbali wenye maabara nzuri kuliko yake, na yeye mwenyewe amewahi kuwaonya wanafunzi.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza swali la mtu mwenye akili timamu.

"Nani anajua?"

"Mimi," alisema.

"Na mwingine?"

"Sasa wewe."

Nikamwambia mimi sijui kitu, mimi nilikuwa nakunja nguo. Nikamwambia siku ya jopo haiko mbali, aweke kijiti chake cha betri au asikiweke, apeleke kibao chake kinachochemka, apewe cheti chake, halafu maisha yake yote yaliyobaki ayatumie kusahihisha. Akachukua simu. Alipompigia msimamizi nilibaki palepale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimpenda yule bwana. Kwa sauti yake laini alisema huenda waya ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Alisema mtu anaweza kuandika kwamba uso wa makaa ulibadilika kadiri muda ulivyokwenda, na huo si uongo. Alisema jopo haliulizi habari za upande wa pili. Alisema pia kwamba yeye alikwisha kuyasema mbele ya watu, na hapo sauti haikuwa laini sana.

Simu ilipokatwa nikamwambia Profesa amsikilize mkubwa wake.

"Mtu ataokota magunzi," alisema. "Mwalimu fulani, mahali fulani. Atachoma, atasaga, atakaa mbele ya mtungi wake. Atangoja mapovu ambayo hayatakuja, na atafikiri kosa ni lake."

"Na mimi nangoja nini, dada?"

Ana majibu ya maziwa, ya kutu, ya kwa nini sabuni inakataa maji mengine, lakini hilo alilikosa. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi, kwa kelele, na kila lililokuwa moyoni nikaziambia sufuria kwa sauti ya kumfikia. Nilisema kuna watu wana huruma ya mwalimu wa mahali fulani na hawana ya mtu wa chumba cha pili. Nilisema ningekuwa mtungi ningetazamwa. Kutoka kitandani mama aliita kwamba maji nayo yanalipiwa.

Kesho yake asubuhi Profesa alikwenda chuoni akarudi kabla ya saa sita. Alipita kwa mama kwanza, na mama ndiye aliyeniambia: ameondoa utafiti wake mbele ya jopo, ametoa barua ya kusema kwa nini, na msimamizi ataitisha mkutano mwingine kumeza maneno yake. Wamempa muda wa kuanza upya, waya wa platini ukiwa marufuku. Mama aliyasema haya yote bila kunitazama. Nikamgeuza ubavu, nikamnyoosha shuka, nikasema sawa.

Haikuwa sawa. Ghadhabu iliyonishika siku ile sikuwahi kuwa nayo, hata siku niliyotukanwa leba na mume wa mtu. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa na haki, na mwenye haki huwezi hata kumsema vizuri. Nilikwenda chumbani nikaitoa sare nyuma ya mlango nianze kuikunja. Simu ilikuwa kitandani, na maneno ya kumwambia mganga mkuu nilikuwa nimeshayapanga, mafupi, ya kutoniliza.

Profesa aliingia bila kubisha, maana katika elimu yake yote kubisha hakumo. Nilimwambia nina kazi. Akaichukua sketi mikononi mwangu, akaikunjua, akaliona lile pindo la kiunoni nililolibana. Akapitisha kidole gumba juu ya pini, kwenda na kurudi.

"Hii si ilikuwa inakubana?"

"Zamani."

Alikaa kitandani, sketi mapajani.

"Nilikuwa nahesabu mapovu," alisema. "Mapovu yanazidi, nafurahi. Sikutazama upande wa pili hata siku moja."

Nikamwambia habari za waya wake akamweleze msimamizi, mimi zimenifika hapa.

"Sisemi waya," alisema.

Yeye akaendelea, sasa kwa sauti yake ya darasani, labda kwa sababu nyingine ilikuwa inamshinda. Nisimpigie mganga mkuu. Niende tarehe ileile. Chuoni amekwisha kuomba vipindi vya asubuhi tu, na kwa saa hizo amepata mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyemwuguza mkwewe. Maabara ya chumba cha nyuma ataivunja, mitungi irudi chuoni paa likiisha, na likichelewa basi magunzi yatangoja. Nikamkumbusha kwamba tulipatana akimaliza ndiyo nitoke, na hajamaliza, na kwa mwendo huu hamalizi.

"Tulipatana vibaya," alisema. "Nenda."

Usifikiri nilimkumbatia. Nilimwuliza kama anajua mama anageuzwaje. Hakujua. Nilimwuliza dawa ya asubuhi iko wapi. Alitazama juu ya kabati, ambako haijawahi kukaa. Basi siku zilizobaki nilimfundisha, na yeyote aliyewahi kumfundisha mwalimu ataniombea. Nilimwambia mkono uliolala ndio unaotangulia kuingia kwenye gauni, akauliza kwa nini. Nilimwambia shuka lisikunjamane chini ya mgongo, akamweleza mama mwenyewe, kwa kirefu, damu inavyozuiliwa mpaka ngozi inapata kidonda. Mama alinitazama kwa jicho la mtu anayeuzwa. Mara ya kwanza alipomwogesha peke yake walitoka wote wawili wamelowa, na sikuweza kutambua nani alikuwa mgonjwa. Nilimrudisha, akarudia. Nilimkaripia, akarudia. Hilo ninampa: akishakubali kwamba hajui, hachoki kurudia.

Asubuhi ya kuondoka begi langu lilikuwa mlangoni, na sketi ilikuwa imetiwa mshono mpya kiunoni. Aliishona Profesa. Mshono umepinda, lakini unashika. Nilikuwa nimekaa karibu na mama nikimkanda vidole nilipomsikia akisema anataka chai. Nikainuka, miguu yenyewe, kabla ya kichwa.

"Kaa," Profesa alisema. "Gari lako bado."

Akaenda jikoni. Nikakaa, mikono mapajani, kama mgeni. Tulisikiliza, mama na mimi. Kabati likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Kikombe kikaanguka na hakikuvunjika. Kisha ukuta ukauliza, kwa sauti ya Profesa, sukari inakaa wapi. Amekula sukari hiyo miaka yote hii. Nilifungua kinywa, na mama akanigusa goti kwa mkono ule mzima, nikakifunga. Baadaye ikaja harufu ya maziwa yaliyofurika yakaungua, na kimya cha mtu anayetafuta sababu.

Aliileta. Kikombe hakikuwa cha mama, kilikuwa kile chenye ufa. Utando wa maziwa ulielea juu, weusi wa kuungua ukionekana pembeni, na ndani kilisimama kijiko, kile kijiko, kimesuguliwa mpaka kimepoteza rangi. Alimwinua mama kama nilivyomfundisha, mkono nyuma ya bega, akamnywesha kidogokidogo. Kwa harufu tu nilijua sukari imezidi. Nikamngoja mama afunge midomo ageukie ukutani, na nilijua akifanya hivyo nitainuka, nitachukua kile kikombe, nitakwenda jikoni, na gari litaondoka.

Mama aliinywa yote, hata ule utando. Alimeza kwa shida, akinitazama mimi muda wote, mpaka kijiko kikagonga chini.

"Nzuri," alisema. "Niongeze."

Ni uongo wa pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake. Nikachukua begi langu.